Umeniachia Ndirangu na Kisu Mkononi

Tata Nyambura, shangazi yangu,

Wasomaji wako watanimaliza. Tulikuzika Alhamisi, na Jumapili saa nane mchana, ile saa yako ya kutuma sura mpya, simu yangu ilianza kulia na haikunyamaza hadi betri ikaisha. Walianza na pole, wakamaliza na swali. Mama Kevo wa Kiganjo, yule mke wa polisi, alituma ujumbe wa sauti wa dakika nne. Dakika moja ilikuwa ya kukuombea, na tatu za kumtukana Ndirangu wa hadithi yako. "Mungu amlaze pema mwalimu wetu. Sasa wewe Shiku, huyo mshenzi alikata ama hakukata?"

Nimjibu nini? Hujasema. Umemwacha Ndirangu amesimama mbele ya watu wa pande zote mbili siku ya ngurario, sherehe ya kukamilisha ndoa, bega la mbuzi liko kwenye sinia, kisu kiko mkononi. Bibi harusi ameketi kando yake anatabasamu, masikini, hajui kwamba huyu mwanamume alimtafuta, akamchumbia, akamleta hadi siku hii ili aweke kisu chini mbele ya umati aondoke zake, na baba ya msichana abaki na aibu kama ile aliyompa baba yake Ndirangu zamani. Na kwetu kila mtu anajua, kiande, hilo bega, kisipokatwa hakuna ndoa. Watu wamekula nyama tu wakarudi kwao. Hapo ndipo daftari lako linaishia. Nusu ya ukurasa, kalamu ya bluu, halafu mistari mitupu. Nililipekua mpaka jalada la nyuma nikakuta orodha ya dawa zako na jina la nesi.

Nitakueleza yote yaliyotokea tangu uende, lakini kwa mpangilio. Wewe mwenyewe ulikuwa ukinipiga kikofi mkononi nikifungua ukurasa wa mwisho kwanza.

Unakumbuka Jumamosi zetu? Nikitoka kazini kwa Mama Anjali, dukani kwake kwa vitambaa, nilikuwa nakuja kwako moja kwa moja. Wewe unasoma daftari huku unamenya viazi, mimi nachapa kwenye simu kwa vidole viwili. Ukifika mahali pa mahaba unakohoa, unasema, "Hapo andika tu walizungumza." Aki, Tata! Ndiyo maana wasomaji walikuwa wakilalamika kwamba wapenzi wako wanazungumza mno. Mama Kevo aliwahi kuuliza kama hao watu hawana mikono. Ulicheka hadi ukamwaga maji ya viazi, lakini hukubadilisha.

Na wanaume wa hadithi zako walikuwa watu wazuri. Miaka yote hiyo, mwalimu mpole, dereva mwaminifu, mkulima wa vitunguu anayeimba kanisani. Kosa lao kubwa lilikuwa kusahau kupiga simu. Halafu ghafla, bila kuniambia lolote, ukanisomea sura ya kwanza ya Ndirangu: kijana aliyeapa kwenye kaburi la baba yake. Nilisimamisha vidole nikakutazama. Wewe ulijitia hamnazo, ukaendelea na kiazi chako.

Grupu ya wasomaji wako kwenye simu ilichafuka. Nusu walimpenda vibaya sana. Walisema ndiye mwanamume pekee uliyewahi kuandika mwenye damu mwilini. Walituma picha za moto. Nusu nyingine walisema mtu kama huyo huwezi kumpa binti yako hata akiwa amebakia peke yake Nyeri nzima. Mama Anjali alikuwa akinisomea maoni yake akipima kitambaa, "Huyu Ndirangu mbaya sana, Shiku. Mbaya kabisa. Lakini macho yake, naona nzuri." Na yule muuza mbuzi wa Doldol, mwanamume wa pekee kwenye grupu, alikuwa hasemi kitu ila kila sura anaweka kidole gumba.

Lakini mimi nilikuwa na jambo langu rohoni. Ulimwanzisha Ndirangu wiki mbili baada ya mimi kumleta Mwangi kwako.

Nilimleta Jumapili baada ya kanisa, umwone kabla ya watu wengine wote, maana wewe ndiye uliyenilea mama alipoondoka na nilitaka neno lako. Nilikwambia ni daktari wa ng'ombe, amehamishiwa Mweiga juzi juzi, alikuja kumtibu ng'ombe wetu aliyevimba kiwele, akarudi kumwangalia, akarudi tena ng'ombe akiwa ameshapona. Ulicheka. Ulimpa chai na nduma. Halafu ukamuuliza kama wazee wote wanavyouliza, "Na wewe ni wa nani?" Akasema, "Wa Gathogo, wa kule Doldol." Ukainuka ukasema unaenda kuleta sukari. Tata, sukari ilikuwa mezani. Ulikaa jikoni muda mrefu ukarudi mikono mitupu, na hakuna aliyekuuliza.

Nililiona hilo nikalimeza. Kisha ikaja sura ya tisa, Ndirangu anakula kwa kina msichana, na kabla ya kula anakunja mikono ya shati, mikunjo mitatu, hadi kwenye kiwiko, hata kama chakula chenyewe ni biskuti. Hiyo ni ya Mwangi! Sijamwona mtu mwingine duniani akikunja shati ale biskuti. Nikakwambia, "Tata, huyu ni Mwangi." Ukanijibu bila kuinua uso, "Ni mikono tu. Wanaume wote wana mikono." Siku hiyo ulimenya kiazi hadi kikabaki kama kokwa.

Ningekubana wakati ule. Lakini pressure ilikuwa imeanza kukupanda na kushuka, nikasema atapona nimuulize. Hukupona.

Basi baada ya mazishi nilianza kusoma Ndirangu upya tangu mwanzo, nitafute umeficha wapi mwisho wake. Na hapo ndipo nilipoanza kuogopa, kwa sababu wakati nachapa nilikuwa nachapa tu, nikihofia tahajia na viazi kuungua. Sasa nikasoma kama msomaji. Baba yake Ndirangu ni mkulima wa maziwa. Anasingiziwa kwamba anatia maji. Asubuhi moja kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, mbele ya watu wote wenye mitungi yao, mpimaji anatumbukiza kile kipimo cha glasi ndani ya maziwa yake, kinazama, na mpimaji anamwaga mtungi mzima chini barabarani. Watoto wanacheka. Mtu huyo anafungiwa kituo, anahama na familia yake, anakwenda kuchunga mifugo ya watu hadi anakufa. Na maji alitia mpimaji mwenyewe, kwa sababu wote wawili walikuwa wakigombea uenyekiti wa kamati.

Baba yangu, kaka yako, alikuwa mpimaji wa maziwa kituoni kwetu mpaka alipostaafu. Na alikuwa mwenyekiti.

Nilijiambia, sasa Tata angeandika nini kama si maziwa? Kila boma huku lina ng'ombe. Lakini wiki iliyofuata Mwangi alikuwa ananawa mikono kwenye beseni pale kwetu, katoka kumchoma ng'ombe sindano, nikamuuliza kama mtu anayeuliza hali ya hewa, mlihamaje kwenda Doldol? Akasema, kwa sauti ile ile ya kuomba sabuni, "Babangu walimfukuza kwa maziwa huku. Walisema anaweka maji." Kisha akaomba taulo. Nilimpa taulo nikaenda nyuma ya zizi nikakaa juu ya ndoo.

Tata, tangu siku hiyo sikumtazama tena yule kijana kwa jicho moja. Kila kitu chake kilikuwa na maana ya pili. Kwa nini asomee ng'ombe? Kwa nini akubali kuhamishiwa Mweiga wakati wenzake wanatafuta miji mikubwa? Alirudi kumwangalia ng'ombe ama alirudi kuangalia boma? Nilipekua simu yake alipoenda msalani, Mungu anisamehe, nikakuta picha za kwato na ujumbe wa mama yake wa kumkumbusha avae sweta. Hata sweta nililishuku.

Na baba je? Siku ya ruracio, ya kupatana mahari, wazee wa Mwangi walipokuja kwetu na mama yake mjane, unakumbuka jinsi baba alivyokubali kila kitu? Baba, mtu anayeweza kubishana na mvua! Walisema hivi, akasema sawa. Wakasema vile, akasema sawa. Wajomba walimtazama wakadhani ni mgonjwa. Mama yake Mwangi alikaa kwenye kona na kitambaa chake cheupe, hakugusa chai, anamtazama tu baba. Wewe ulikuwa hapo, umeketi katikati yao, unakunja na kukunjua leso. Nyinyi watatu mlikuwa mnajua. Nilikuwa nachekacheka mle ndani kama mtoto aliyepewa soda, na nyinyi watatu mnajua!

Nilikosa wa kumwambia. Ungekuwepo ningekuja kwako. Hukuwepo, basi nikawauliza wasomaji wako, kwa ujanja, kama vile nawaulizia Ndirangu. Niliandika: mwanamume aliyekuja kwa kisasi anaweza kupenda kweli? Ngai, walivyojibu! Mama Kevo alisema mumewe amefundisha vijana wa kila aina pale chuo cha polisi Kiganjo, na kijana mwenye hasira ya zamani utamjua kwa adabu iliyozidi. Mwangi ana adabu iliyozidi. Mwingine akasema Ndirangu alishapenda katika sura ya kumi na mbili na hajijui. Mama Anjali alinishika bega dukani, yeye ndiye alikuwa ananishonea nguo ya ngurario, pini ziko mdomoni, akasema, "Wewe angalia hivi. Anaangalia msichana, ama anaangalia baba ya msichana?" Basi nikaenda nyumbani nikaangalia. Na haki ya Mungu, Tata, alikuwa anamwangalia baba. Sasa najua kila mkwe humwangalia baba mkwe, lakini siku hiyo nilihesabu ni ushahidi. Muuza mbuzi wa Doldol naye, kwa mara ya kwanza, aliandika: "Akate. Mbuzi ashachinjwa."

Nilivumilia nikashindwa. Zikiwa zimebaki wiki tatu, nilimwita Mwangi hotelini mjini, pale tunapokunywa chai mchana. Alifika, akakunja shati mikunjo mitatu kwa ajili ya mandazi. Nikamwambia najua. Akauliza najua nini. Nikamwambia aache kujifanya, najua kwa nini alikuja kwetu, najua anachopanga kufanya na kile kisu, na kama anataka kumwaibisha baba yangu kwa ajili ya yale maziwa asinitumie mimi. Nilisema yote, Tata, mfululizo, sikupumua. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila jibu. Nilijiandaa akane, nilijiandaa alie, hata nilijiandaa acheke kama Ndirangu anavyocheka.

Akasema, "Mpimaji alikuwa babako?"

Hakujua. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeamshwa kwa maji baridi. Mama yake hakuwahi kumtajia jina, miaka yote alisema tu mtu wa kituo. Alijua nyumba yetu kama nyumba ya ng'ombe mwenye kiwele kibovu na msichana anayeongea sana. Mimi ndiye niliyemwambia. Kwa mdomo wangu huu, kwa sababu ya daftari lako, nilichukua mtu asiye na kisasi chochote nikamtafutia kisasi nikamkabidhi.

Alikunjua mikono ya shati, taratibu, mmoja halafu mwingine, akafunga vifungo. Mandazi hakuyagusa. Akaondoka.

Siku nne simu yake haikupatikana. Nilikulaani, nakuambia ukweli. Nilisimama kwenye kaburi lako na maua mkononi nikakulaani, na mke wa mchungaji alikuwa anapita, sijui alisikia kiasi gani. Ulijua na ukanyamaza. Ulikuwa na mdomo, ulikuwa na Jumamosi zote zile, mimi na wewe peke yetu na karai la viazi. Ukaona afadhali uandike riwaya.

Siku ya tano akapiga. Alikuwa ametoka Doldol kwa mama yake. Alisema, "Mama anajua. Alijua tangu ile siku ya ruracio." Kisha akasema, "Tutakuja Jumamosi ile, vile tulipanga." Basi. Sauti ya karani. Nilimuuliza kama ananipenda, akasema, "Shiku, tutakuja." Nikawa na wiki mbili za kuishi na hilo neno. Nililigeuza kila upande. Ndirangu naye katika sura ya ishirini anamwambia msichana, "Nitakuja." Hakuna msomaji aliyeona ubaya wowote katika neno hilo, na mimi lilikuwa linanikosesha usingizi.

Ningeweza kuvunja. Mama Anjali alisema nivunje, nguo ataiuza kwa mtu mwingine, haina shida. Lakini nikivunja ningesema nini? Kwamba nimesoma kitabu?

Ndipo nikafanya jambo ambalo sijui kama ungelikubali. Nilimpelekea baba madaftari yako. Yote saba. Nikamwambia, hii ni kazi ya mwisho ya dada yako, na wewe hujasoma hata mstari. Alinitazama. Unajua baba husoma Biblia na maandishi ya kwenye dawa ya ng'ombe tu. Aliyachukua akaenda nayo kwenye kile kiti chake nje ya zizi, akavaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi. Alisoma siku tatu. Alikuwa anakamua, anasoma, anakamua, anasoma. Nilikuwa nampelekea chai nikitafuta uso wake, sioni kitu. Siku ya tatu, jua likiwa bado juu, alifunga daftari la saba akaliweka juu ya mengine, akayasawazisha pembe.

Wasomaji wako ni watu wangapi, Tata? Nimesikia maoni ya kila aina. Wamemtukana Ndirangu, wamemtetea, wamemwombea, wengine wamemtaka awe wao. Baba ndiye msomaji wa pekee ambaye hakusema lolote juu ya Ndirangu. Aliuliza, "Nani alimwambia Nyambura?"

Akajijibu mwenyewe, "Alikuwa anakaa kwetu wakati huo. Alikuwa anapita pale bombani kwenda shule kufundisha." Akainuka akaenda kukata majani, na hayakuwa yamepungua.

Kwa hiyo ulimwona baba akitia maji. Kwa macho yako, asubuhi, bombani, na mtungi wa mtu. Ulikuwa mwalimu kijana, unakula kwa kaka yako, ungesema nini. Najaribu kukuonea huruma hapo. Siku nyingine naweza.

Sasa Jumamosi yenyewe. Walikuja watu kwa lori na magari madogo, akina mama wa upande wa Mwangi wakaimba langoni hadi wakafunguliwa. Nilifunikwa leso pamoja na wasichana wengine watano, Mwangi akaambiwa amtafute wake, akanishika mkono mara moja bila kubahatisha, watu wakapiga vigelegele. Mkono wake ulikuwa mkavu. Nilitaka uwe na jasho kama wangu. Nilitafuta kitu chochote kwenye uso wake nikaona adabu tu.

Wakaleta sinia. Bega la mbuzi limechomwa vizuri, mafuta yanameta. Tukaketi mimi na yeye mbele ya watu wote. Mzee akampa kisu akamweleza aanzie wapi. Akakunja shati, mara tatu. Akashika kisu. Na hakukata.

Nilihesabu pumzi zangu. Mama mmoja alianzisha wimbo ukamfia mdomoni. Mama Kevo alikuwa amekuja kutoka Kiganjo na gauni jipya, nikamwona ameziba mdomo kwa mikono miwili, maana huu ukurasa alikuwa ameshausoma. Nilijua kwa hakika kwamba nimeachwa. Nilianza hata kufikiria nitapita mlango gani.

Akamtazama baba. Hakupaza sauti. Alisema, "Mzee, mimi nitakata. Lakini kwanza ambia mama yangu maziwa yetu ilikuwa aje."

Baba alikuwa ameketi na wazee wenzake, fimbo katikati ya magoti. Nilidhani atakasirika. Nilidhani atajifanya hasikii, ana umri wa kutosha kwa hilo. Alivua kofia akasimama. Alihangaika kusimama na hakuna aliyemsaidia. Akasema, "Maziwa ya Gathogo yalikuwa safi. Maji nilitia mimi."

Mbuzi waliobaki tulisikia wakitafuna. Na mama yake Mwangi, pale alipoketi na kitambaa chake cheupe, akasema kwa sauti ambayo sitaisahau hadi nife, "Rudia. Wa nyuma hawajasikia."

Na baba akarudia. Akageukia upande wa hema la nyuma, wale wazee waliokuwa na mitungi yao asubuhi ile, waliobaki hai, akarudia kwa nguvu, na sauti yake ikapasuka kwa jina la Gathogo. Mama yule akainamisha kichwa, akalia kwa mara ya kwanza, mikono juu ya mapaja. Hakumsamehe. Hakusema hivyo na mimi sitamsemea. Alilia tu kisha akasema, "Kijana yangu, kata sasa, nyama inapoa."

Akakata. Akanipa kipande cha kwanza. Kilikuwa cha chumvi nyingi, au ni machozi, sijui.

Sasa mimi ni mke wa mtu, Tata, nakaa Mweiga kwenye nyumba yenye harufu ya dawa ya kupe. Kwa baba watu walipungua kwa muda, halafu wakaanza kurudi mmoja mmoja. Amezeeka sana mwezi huu. Kila Jumanne anampelekea mama mkwe wangu maziwa stendi ya Nyeri, ayatume Doldol na gari. Mara mbili yalirudishwa. Mara ya tatu chupa ilirudi tupu.

Nimemuuliza Mwangi, si mara moja, kama baba angenyamaza, angekata ama angeweka kisu chini? Nilitaka aape. Alifikiria, akasema, "Sijui, Shiku." Nilikasirika siku mbili. Bado namtazama wakati mwingine akilala mchana wa Jumapili, namtafuta Ndirangu kwenye uso wake, simpati, na sijaacha kutafuta. Huo ndio ugonjwa ulioniachia.

Na ile sura ya mwisho nimeiandika mimi. Nilichoka kusumbuliwa. Nikaandika vile ilivyokuwa, nikabadilisha majina tu, nikatuma Jumapili saa nane. Unajua walisema nini? Kwamba nimeharibu kitabu! Ati wazee hawakubali makosa mbele ya watu, hiyo ni hadithi ya watoto. Ati Ndirangu nimemfanya laini. Wengine wanasema ningemwacha aondoke ili msichana apate mwanamume mwingine katika kitabu cha pili. Mama Kevo, aliyekuwepo, aliyeona kwa macho yake na kula nyama, alituma ujumbe wa sauti akasema, "Hata mimi niliona, lakini kwa kitabu haikai vizuri." Nilicheka peke yangu jikoni hadi nikakaa chini, kisha nikageuka kukuambia, na hukuwepo.

Nimekukasirikia miezi yote hii, na nimekukosa miezi yote hii, na hivyo viwili havijanisaidia kuamua kimoja. Ulinipenda. Ulikuwa mwoga. Nimeyaandika madaftari yako yote saba kwa vidole viwili, na ni mimi ninayejua ilikugharimu nini kuandika ile asubuhi ya kituoni, kwa sababu ndiyo sura pekee uliyonipa nisome mwenyewe, ukatoka nje.

Lala salama, Tata wangu. Nikijaliwa mtoto, na siku moja akaniuliza babu yake wa kwa mama alimfanya nini babu yake wa kwa baba, nitamwambia siku hiyo hiyo, kwa mdomo, akiwa amenitazama usoni.

Wako,
Shiku